Mlimani kwa Babu: Kutoka Marangu hadi Kibo, na Kurudi Mfongoni

Jumapili, Marangu

Mwaka umetimia tangu tumzike babu hapa kihambani, kati ya migomba na mikahawa aliyoipanda mwenyewe. Masale yaliyopandwa kuzunguka kaburi yameshika vizuri. Ndugu waliopanda kuja Krismasi wengi walikuwa hawajarudi mijini, kwa hiyo ibada ya kumkumbuka ilijaza uwanja hadi watu wakakaa kwenye mawe ya ukingo, wazee wakiwa wamefungua miavuli dhidi ya jua la Januari.

Mchungaji alisoma Zaburi ya 104, kwa sababu babu aliiacha imeandikwa kwenye karatasi kwamba isomwe hiyo. Wengi walitegemea ile ya 121, ya kuinua macho kutazama milima. Kwa mtu aliyeishi chini ya Kilimanjaro maisha yake yote, ndiyo ingefaa. Lakini ile ya 104 inataja chemchemi zinazopita kati ya milima, wanyama wa porini wanaokunywa humo na ndege wanaokaa kando yake, na babu alikuwa mtu wa maji kabla hajawa mtu wa kilele.

Waliosimama kusema walimgawana. Mzee wa usharika alieleza miaka yake kama mzee wa kanisa. Waongoza wageni wastaafu wakamweleza kama mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, aliyebeba mizigo tangu ujana, baadaye akawa kiongozi wa safari. Watu wa mtaani wakamweleza kama mzee wa mfongo, yaani mfereji wetu wa maji ya mashamba. Nilivyokuwa nawasikiliza, niliona wote wanaelezea kazi moja. Asiyekuwa wa ukoo wetu angedhani wamezikwa wazee watatu.

Ushuhuda ulionikaa ni wa bibi mmoja jirani. Alipofiwa na mumewe, watoto wake walikuwa bado wadogo, na zamu yake ya maji iliangukia usiku. Mfereji ukikupa zamu ya usiku, lazima uamke na jembe, uende ukafungue mlango wa maji, uyafuate mpaka shambani kwako, na uyalinde yasiibwe njiani. Mama mwenye kichanga hawezi. Anasema alikuwa akiamka asubuhi anakuta migomba imekwisha kunyweshwa. Ilimchukua muda mrefu kujua ni nani, na alipojua akaenda kushukuru. Babu akamwambia, "Zamu ni yako, mama. Mimi nilipita tu." Bibi akasema hivyo, akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.

Jioni tulifungasha. Baba mdogo, aliyerithi kazi ya kuongoza wageni, alimwaga kila begi mkekani akakagua soksi, glavu, chupa za maji na koti la mvua la kila mmoja. Ni yeye aliyetaka tupande. Alisema babu aliomba jambo moja alipokuwa amelala mgonjwa: wajukuu wauone mlima kwa miguu yao, wasiutazame tu kwenye chupa za maji na noti.

Jumatatu, getini hadi Mandara

Geti la Marangu liko takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Hapo panakumbukwa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, na panakumbukwa pia Waafrika waliowaongoza na kuwabebea mizigo. Hapa Marangu jina linalotajwa kwanza ni la Yohani Kinyala Lauwo. Babu alikuwa akiwasimamisha wageni mahali hapo kabla ya kuanza kutembea, anawaeleza kwamba hakuna mtu aliyewahi kuupanda mlima huu peke yake.

Shangazi alivaa raba mpya na kitenge juu ya suruali, akasema anafika Mandara na kurudi, basi. Yeye ndiye binti wa kwanza wa babu. Miaka ile wazee wengi waliona kumsomesha msichana ni kumwagilia shamba la jirani, lakini mshahara wa kwanza wa babu kutoka mlimani ulilipa ada yake. Tulipokuwa tunapita kwenye msitu alituonyesha alivyokuwa akimwona babu anaondoka nyumbani: ngata kichwani, mzigo juu yake, viatu vya matairi ya gari miguuni, na blanketi moja la kujifunika huko kwenye barafu. Leo kanuni ya hifadhi ni mgumu asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa kwenye mizani. Enzi za babu mzani ulikuwa shingo ya mbebaji.

Njia ya siku ya kwanza ni kama kilomita nane, yote msituni. Mbega wenye mikia mirefu myeupe walikuwa juu ya miti wakitutazama. Kando ya vijito tulikuta ua dogo jekundu lenye njano, lenye mkia uliopinda nyuma, ambalo halioti kwingine duniani ila katika mlima huu. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari. Babu hakuruhusu mgeni alichume. Alikuwa akipiga magoti kulionyesha, mzee mwenye mvi aliyepiga magoti kwenye tope, na wageni nao wakapiga magoti.

Nataka nilieleze jambo la msitu huu kwa urefu, maana babu angetaka lielezwe. Watu wengi, hata sisi tuliozaliwa hapa, tulikua tukiamini maji ya mifereji yetu yanatoka kwenye barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima. Barafu inachangia kidogo sana. Maji yanatoka hapa msituni: mvua inayonyesha kwenye ukanda huu, na ukungu unaonaswa na majani, ukoga na ndevu za miti, unaodondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua, na udongo mweusi unaoyashika na kuyaachia taratibu. Yanashuka kwenye vijito, yanaingia kwenye mifongo yetu, yanayobaki yanaelekea tambarare, yanajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme kule Hale, ndipo yanaingia Bahari ya Hindi. Mti mmoja ukikatwa juu ya Marangu, mvuvi wa Pangani hajui, lakini anahusika.

Babu aliyajua haya bila kusomea. Aliyajua kwa sababu mzee wa mfongo anapanda mara kwa mara hadi kichwa cha mfereji, kule maji yanakochepushwa kutoka kijitoni, kuangalia kama jiwe limesogea au mti umeanguka. Wachagga wamechimba mifereji hii kwa karne nyingi, wakifuata mteremko kwa macho tu, wakivusha maji kwenye makorongo kwa magogo yaliyotobolewa. Mingine inaingia kwenye nduwa, madimbwi ya kuhifadhia maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi. Mfongo ukiharibika, kila nyumba inayotumia maji yake hutoa mtu wa kufanya kazi. Hiyo ndiyo msaragambo, na asiyetokea anajulikana.

Mandara iko mita 2,720. Vibanda vya mbao vyenye paa linaloshuka mpaka chini vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei. Shangazi alifika jasho likimtiririka, akakaa kwenye ngazi, akatoa kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, kwenye chombo cha plastiki, akatugawia wote pamoja na wagumu. Akaomba kwa Kichagga kabla ya kula. "Aika Ruwa," asante Mungu, wakajibu hata vijana ambao kwa kawaida hawafungui mdomo. Baadaye akateremka na kijana mmoja wa kumsindikiza, na tulimsikia akiimba mpaka alipopotelea kwenye miti.

Jumanne, Mandara hadi Horombo

Tulipita kwanza kwenye kreta ya Maundi, dakika chache kutoka njiani. Kutoka pale unaona upande wa Kenya, tambarare ya Taveta ikiwa ya rangi ya kahawia. Kisha msitu unaisha ghafla na unaingia kwenye vichaka vya erika, halafu nyasi na mawe.

Hapa katikati ya njia pana mahali panaitwa Whona, wapandaji hupumzika na kula. Moto mkubwa wa mwaka 2020 ulianzia hapa, tarehe 11 Oktoba. Ulienea siku nyingi, upepo ukiusukuma kwenye nyasi kavu, na makumi ya kilomita za mraba yakaungua. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa vyuo vya Moshi, wanavijiji, wagumu ambao mwaka ule wa korona hawakuwa na wageni wala kipato. Usiku tulikuwa tunaona mstari mwekundu kutoka uani.

Babu wakati huo magoti yalikuwa yamemkatalia mlima. Kaka zangu walipanda. Yeye alienda kanisani akagonga kengele siku ya kazi, saa ambayo kengele hailii. Watu walipokusanyika wakidhani kuna msiba aliwaambia msiba upo, waangalie juu. Kabla ya jua kuzama uwanja wa kanisa ulikuwa na mikungu ya ndizi, mahindi, sukari, majembe, mapanga na blanketi. Walutheri walileta, Wakatoliki wa kule ng'ambo ya mto walileta, na familia za Kiislamu za sokoni zilileta madumu ya maji. Akina mama walipika usiku kucha. Babu alikaa kwenye kiti mlangoni akiandika kwenye daftari jina la kila aliyetoa na alichotoa, ili vitu visivyotumika virudishwe kwa wenyewe. Daftari lile lipo. Nimelipiga picha kila ukurasa.

Leo erika zimechipua tena kutoka mashinani, zimefika kiunoni, na katikati yake bado kuna mashina meusi yaliyokufa yamesimama. Kaka mkubwa alituonyesha bonde alilolala na wenzake kwenye majivu ya moto kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Hakuongeza neno. Tulitembea kipande kirefu bila kuzungumza, na nilifurahi kwamba watoto wa darasa la nane wa Nairobi, ambao kutwa walikuwa wakiuliza kama kuna mtandao, nao walikuwa wanatazama.

Horombo ni mita 3,720. Baridi ikishuka hapo inashuka kweli. Wagumu waliomfahamu babu waliposikia sisi ni wa nani walikuja kwenye chumba cha chakula na kofia zao mkononi. Walikuwa wanamwita Meku, yaani mzee. Tukaimba nyimbo za kanisani, sauti zote nne, maana mlimani hapa utakuta kwaya za sharika zote za Kilimanjaro zimo kwenye jikoni la wagumu. Wageni wa Kijerumani waliokuwa mezani waliacha kula. Mmoja alifahamu tuni ya wimbo, akaingia nayo kwa lugha yake.

Jumatano, Horombo

Siku ya kuzoesha mwili. Tulipanda kwa saa kadhaa kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, hadi kwenye mawe ya pundamilia, ukuta wa mwamba mweusi wenye michirizi myeupe iliyochorwa na maji yenye madini. Tukateremka tukalala mchana.

Bondeni karibu na vibanda kuna miti ya seneshio, mirefu kuliko mtu, isiyopatikana nje ya mlima huu. Majani yake yakifa hayaanguki; yanabaki yamelizunguka shina na kulikinga baridi, maana hapa kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe. Babu alisema mti huu umevaa makoti ya marehemu wake. Alikuwa akilisema hilo kwenye mazishi pia, na nimewahi kulisikia likirudiwa na mchungaji wa usharika mwingine kabisa.

Alhamisi, Horombo hadi Kibo

Jangwa. Ukivuka sehemu ya mwisho ya maji hakuna kinachoota ila ukoga kwenye mawe. Kibo mbele, Mawenzi nyuma kwa kulia, na upepo unaopita katikati yao bila kizuizi. Unatembea kilomita karibu kumi na unaona kibanda cha Kibo mbele yako saa nzima kabla hujakifikia.

Baba mdogo alitumia njia hiyo kutueleza kwa nini babu hakupendwa na baadhi ya wageni. Alikuwa anawarudisha. Mtu akianza kutapika, akitembea kama mlevi, akichanganya maneno, babu alimgeuza chini papo hapo. Hakujali kama amelipa pesa ngapi wala ametoka nchi gani. Hewa ya juu ni nyepesi. Mapafu au ubongo ukianza kujaa maji, dawa ya kwanza ni kushuka, na saa moja ya ubishi inaweza kuwa ndiyo inayoua. Wengine walimnyima bahasha ya shukrani mwisho wa safari, na kwa kiongozi bahasha ile ni karo ya watoto. Alirudi nyumbani bila kitu, akasema kwenye sala ya jioni, "Tumerudi wote." Baba mdogo anasema akiwa mtoto alikuwa anaichukia sentensi hiyo kwa sababu ilimaanisha hakuna sukari wiki hiyo. Alipoongoza kundi lake la kwanza ndipo alipoielewa, na mpaka leo ndiyo sala yake.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, na Ijumaa

Tuliondoka Kibo karibu na usiku wa manane. Taa za kichwani, changarawe inayoteleza, hatua fupi. Kupanda huko hakuna maelezo mengi: unahesabu pumzi. Kwenye pango la Hans Meyer binamu yangu alisema kichwa kinampasuka, na baba mdogo alipomuuliza jina la mama yake alichelewa kujibu. Aligeuzwa hapohapo na msaidizi mmoja. Hakubisha. Kufika Horombo mchana alikuwa anakula.

Jua lilitukuta Gilman's Point, mita 5,681, kwenye ukingo wa kreta. Ndani ya kreta kubwa kuna nyingine ndogo iliyopewa jina la Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyeupanda mlima huu mara nyingi kuanzia miaka ya 1920. Babu alipenda kuwaeleza wageni kwamba hata wahubiri walikuja kutafuta kitu huku juu.

Kisha Uhuru, mita 5,895. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha hapa bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge. Babu alikuwa kijana. Alisema walitoka wote nje kihambani kutazama juu, na mawingu yakawa mazito, wakashangilia hivyohivyo.

Barafu ilikuwa kushoto kwetu, kuta nyeupe zilizokatika wima, zimesimama mbalimbali juu ya mchanga mkavu. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha. Baba mdogo alituonyesha kwa mkono ilikokuwa ikifika alipoanza kazi, na mbele zaidi, ilikokuwa ikifika babu alipokuwa anaanza. Mkono wake ulikwenda mbali. Ninaandika hili kwa uchungu. Mama zetu walitulaza wakituimbia juu ya Kibo nyeupe, na wanangu watawaimbia wanao juu ya kitu gani, sijui.

Tulisali kwa Kichagga, kifupi sana, kama babu alivyokuwa akisali hapa. Alifundisha kwamba kileleni Mungu anajua kuna baridi. Tukateremka moja kwa moja hadi Horombo.

Jumamosi na Jumapili

Tulishuka hadi getini. Magoti, malengelenge, chai ya tangawizi. Jumapili kanisani mchungaji alitaja majina yetu kwenye matangazo, na binamu yangu akapigiwa makofi sawasawa na waliofika juu.

Jumatatu, mfongoni

Msaragambo uliitishwa kwa sababu maji yamepungua na zamu zimeanza kugombaniwa. Tulipanda na majembe tangu alfajiri, sisi wa ukoo kabla ya kurudi Dar na Nairobi, pamoja na majirani. Sehemu iliyokuwa imebomoka ni pale mfereji unapopita juu ya mzizi wa mringaringa. Wazee wawili walibishana kama mzizi ukatwe au mfereji uzungushwe. Mmoja akasema babu angeuzungusha. Mwingine akasema babu hayupo, na kuzungusha ni kazi ya siku mbili. Tuliuzungusha. Tulichimba mpaka saa kumi, tukajaza kingo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi na majani ya migomba, na kesho wataendelea.

Ilibidi pia achaguliwe atakayeshika zamu za maji. Kwa mwaka mzima kazi hiyo ilikuwa ikishikwa kwa muda na mtu asiyeitaka. Baba mdogo yuko mlimani nusu ya mwaka, hawezi. Kaka yuko mjini. Yule bibi jirani aliyeshuhudia siku ya ibada alisimama na jembe lake akasema binti yake anaweza, anajua kila mlango wa maji tangu utotoni, na usiku haogopi. Kulikuwa na minong'ono, maana mfongo huu haujawahi kushikwa na mwanamke. Mzee mmoja akauliza kama desturi inaruhusu. Shangazi akamjibu kwa heshima, "Mbe, maji yanauliza?"

Walikubaliana ashike kwa msimu huu wa kiangazi, kisha wakae tena baada ya masika. Tulimkabidhi daftari la zamu la babu na kalamu yake iliyofungwa kamba. Alilifungua palepale, akaanza kupanga wiki: nyumba ya juu usiku wa leo, kanisa kesho asubuhi, sisi Alhamisi.